Nilidhani Mume Wangu Anafunga

Kama nyumbani kwako kuna mtu aliyeanza kula polepole, anayesukumia kila tonge kwa maji na kubaki mezani wa mwisho, soma haya leo, usiyaweke hadi kesho. Mimi si daktari. Nilikuwa mpishi wa shule ya bweni hapa Dodoma kwa miaka mingi, na ninachokijua vizuri ni masufuria na watu wanaokula. Mchungaji wetu ndiye aliyeniomba niandike kwa ajili ya wenye wagonjwa. Nilimwambia sina maneno ya kufariji, niliyokuwa nayo yamekwisha. Akasema, "Basi mama, andika tu yaliyotokea." Haya, nayaandika.

Mume wangu aliitwa Elia. Mimi nilimwita Baba Neema, kwa jina la binti yetu wa pekee, naye aliniita Mama Neema hata tulipokuwa wawili tu chumbani. Sote wawili ni Wagogo, yeye wa upande wa Mpwapwa. Alikuwa fundi magari katika karakana ya serikali tangu ujana wake hadi alipostaafu, na alipostaafu ndipo kazi ikamwandama zaidi, maana ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, magari ya mitumba yanaingia kila wiki na wenyewe hawajui hata oili inamwagwa wapi. Akajenga banda la mabati uani kwetu Nkuhungu. Asubuhi unaamka unakuta magari matatu yamekwishapanga foleni kama watu wa kliniki.

Vijana wa gereji walimwita Fundi Amina. Ni jina la kike, lakini wala hakujali. Alikuwa na desturi kwamba akishafunga nati ya mwisho anavua kofia, anasema "amina" kwa sauti, ndipo anapiga stata. Na spea aliyoitoa aliifunga kwenye gazeti akampa mwenye gari, ili mtu aione kwa macho yake kwamba kweli imebadilishwa. Kijana akikosea, yeye ndiye aliyemwendea mwenye gari na kusema, "Ni mimi sikukaza vizuri." Jamani, kuishi na mtu mwema kunachosha, msione watu wanasifia tu. Mara ngapi nimemfokea! "Wewe utabeba makosa ya mji mzima?" Anacheka, ananawa mikono kwa mafuta ya taa, anaingia ndani kula.

Kula ndiko ninakotaka kuwaambia.

Kwetu kanisani Kwaresima ni jambo zito. Mzee wa kanisa kama yeye alikuwa akifunga mchana kila mwaka, anakula jioni, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Mwaka ule alianza na nyama. Jumatano ya Majivu haijapita hata wiki, akasema nisimpakulie nyama. Nikaona sawa, ni funga hiyo. Wiki ya pili akaacha wali. Halafu ugali wa uwele, anaoupenda kuliko kitu chochote, ukawa tonge tatu, mbili, moja. Akataka mlenda. "Mama Neema, nipikie mlenda mwingi." Asubuhi mlenda, jioni mlenda, na uji mwepesi anakunywa amesimama mlangoni akiangalia mvua. Ilikuwa kifuku, majira ya mvua, mlenda umejiotea wenyewe kila mahali, unachuma bure. Nilifurahi. Nilisema moyoni, tazama mtu huyu, karakana imempeleka hadi Dar es Salaam kusoma, lakini akijinyenyekeza mbele ya Mungu anarudi kwenye chakula cha mama yake.

Mlenda unateleza. Mimi mpishi, na sikuwaza hilo hata siku moja.

Basi nikafanya kosa langu. Sisi akina mama tunakutana Alhamisi, na Alhamisi ile mwenyekiti wetu aliuliza nani ana ushuhuda wa Kwaresima. Nikasimama. Nikasema, "Mume wangu mwaka huu amefunga kweli kweli. Nyama hagusi, wali hagusi, ugali anaonja tu kama dawa. Mwili umepungua lakini uso unang'aa." Walipiga vigelegele. Nilirudi kukaa nimevimba kichwa kama mama wa bwana harusi. Jumapili iliyofuata kanisa zima linajua, na Jumapili ya baada yake wakamwomba asimame mbele awafundishe vijana juu ya kufunga.

Alisimama. Suruali yake ilikuwa imekunjamana kiunoni kwa sababu alikuwa ametoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari. Alisema maneno machache mno. Alisema kufunga si tumbo, ni kumwangalia jirani. Yeye mwenyewe hakujitaja. Kisha akasema, "Mniombee," akarudi kukaa. Watu wakasema, ona unyenyekevu huo.

Kila ninapofikia hapa katika kukumbuka, nasimama. Alisema mniombee.

Siku ya Pasaka Neema alikuja kutoka Morogoro anakofundisha. Tulichinja mbuzi. Baba yake aliomba sala ndefu kuliko kawaida, halafu akachukua kipande cha nyama laini kabisa, nilichomchagulia mwenyewe, akatafuna, akatafuna, akainuka akatoka nje kama mtu aliyesikia gari limepaki. Neema akamfuata. Aliporudi alikuwa amekunja uso.

"Mama, baba yuko nyuma ya banda anatema. Nyama imerudi nzima na mapovu. Hii imeanza lini?"

Nikamwambia, "Baba yako anafunga."

"Mama," akasema, "leo ni Pasaka."

Pale ndipo ganzi iliponiingia. Wanawake wengine wanasema walipiga kelele, walianguka. Mimi nilikaa. Nilimaliza chakula changu, nikakusanya vyombo, nikaosha. Nakumbuka nilisugua sufuria ambayo haikuwa na masizi. Ganzi hiyo imenikaa karibu mwaka mzima, na kama wewe unayesoma unayo, usidhani humpendi mgonjwa wako. Mimi nilidhani hivyo, nikaona aibu bure.

Hospitali yetu ya mji ndiyo miaka ile ilikuwa imeanza kuchangisha watu gharama za matibabu, kwa hiyo kila dirisha lilikuwa na watu wanaobishana. Tulikaa kwenye benchi la mbao lililolainishwa na makalio ya watu. Baba Neema hakuweza kukaa bila kazi. Alikagua bawaba ya mlango, akasema imekauka. Siku ya tatu alikuja na kikopo cha oili mfukoni, akaipaka, nesi akamwambia, "Babu, ungekuja mapema, mlango huu umetulilia mwaka mzima." Kumbe mtu akingoja lazima apate kitu cha kufanya. Mimi nilifuma kitambaa, nikakifumua, nikakifuma tena.

Walimnywesha dawa nyeupe nzito kama chokaa ya ukutani, wakampiga picha akiwa anaimeza. Daktari, kijana mpole mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, aliiinua picha dirishani. Hatukuhitaji kuelezwa. Ile dawa ilishuka pana kutoka juu, halafu ikawa uzi. Mume wangu aliisogelea akavaa miwani.

"Hapa pamebana," alisema. "Paipu nzima imebaki kama waya wa plagi. Inazibuliwa, daktari?"

Daktari akasema ni kansa ya njia ya chakula, na kwamba atatuandikia rufaa ya Dar es Salaam kwa ajili ya mionzi. Akasema pia, taratibu, kwamba tumechelewa kidogo. "Kama mngekuja alipoanza kukwama na nyama." Hakunitazama aliposema hivyo, na nilimshukuru. Baba Neema alisema asante. Kisha akamwuliza kama ile pikapu ya kijani pale nje ni yake.

"Ni yangu, mzee."

"Inachoma oili. Moshi wa bluu. Niletee Jumamosi kabla hujaua injini."

Na kweli Jumamosi kijana wa watu aliileta, na mgonjwa wake akaifungua. Nilisimama jikoni nikiwatazama kupitia dirishani, nikataka kulia, nikajaribu kabisa, hakikutoka kitu.

Kabla hatujasafiri alikuja wifi yangu Debora, dada yake mkubwa, kutoka Mpwapwa. Ni mtu wa maneno ya wazi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kigoda bila kuvua mtandio.

"Wifi, nikuulize. Wewe ni mpishi?"

"Ndiyo, dada."

"Watoto wa shule mia kadhaa ulikuwa unajua nani amekula na nani hajala?"

"Nilijua."

"Na wa kwako ndani?"

Neema alitaka kunitetea, nikamwonyesha kwa mkono anyamaze. Yule mama alikuwa amesema nilichokuwa nakisema mwenyewe kila nikipakua. Lakini kulikuwa na swali lingine chini ya hilo, na hilo Debora hakulijua, maana hakuwapo Alhamisi ile. Je, Baba Neema alinyamaza kwa sababu yangu? Mtu aliyesifiwa na mke wake mbele ya akina mama wote, anaanzaje kurudi nyumbani na kusema, sikuwa nafunga, nilikuwa nashindwa kumeza? Swali hilo nililibeba hadi Dar es Salaam nikarudi nalo.

Tuliondoka Juni, Dodoma ikiwa na baridi ile ya upepo, tukashuka kwenye joto kama tumeingia jikoni. Mionzi ilikuwa wiki tano, Jumatatu hadi Ijumaa. Walimchora mistari ya zambarau kifuani na mgongoni, wakamwambia asiifute. "Namba ya chesisi," alisema. Kuoga ikawa kazi ya kumpitishia kitambaa pembeni pembeni. Ngozi ilibadilika ikawa nyeusi pale katikati, ikakauka, ikachubuka. Sauti yake, ambayo kwaya yetu iliitegemea kwa besi, ikawa ya mtu aliyetoka kulala. Vidole tu ndivyo vilivyobaki vile vile, vipana, na ule weusi wa grisi kwenye kucha ambao hata hospitali haikuutoa.

Kwenye benchi la kungojea tulikutana na Mzee Salumu, mfanyabiashara wa vitambaa wa hapa hapa Dodoma mjini. Mkewe alikuwa anatibiwa. Miaka yote hiyo tumepita mbele ya duka lake na hatukuwahi kusalimiana zaidi ya kuulizana bei. Yeye alikuwa anawahi kuliko wote, anatuwekea nafasi kwa kofia yake, na kila asubuhi anakuja na chupa ya maziwa ya uvuguvugu. "Fundi, jaribu kidogo." Mume wangu anaomba kwa Yesu, Mzee Salumu anasema bismillahi, wanakunywa kikombe kimoja kwa zamu. Wasipopata nafasi ya kuzungumza dini wanazungumza kabureta. Kama mnataka kujua rehema inakuwaje, kwangu mimi ilikuwa kofia ya mtu kwenye benchi.

Wiki ya nne alimeza yai la kuchemsha, zima, na mkate uliolowekwa. Akanitazama kama mtoto aliyesimama peke yake mara ya kwanza. "Limepita, Mama Neema! Limepita!" Wagonjwa wengine walipiga makofi. Na mimi nilipiga makofi. Lakini nawaambia ukweli, ndani hapakuwa na kitu. Nilikuwa natazama furaha yangu kwa mbali, kama nguo za jirani kwenye kamba.

Agosti tulikuwa nyumbani. Aliongezeka mwili kidogo, akala viazi vya kuponda, akala mtindi, akasimama tena kwenye banda lake akielekeza vijana bila kushika spana. Kanisani walimkalisha mbele. Akina mama waliniambia, "Unaona? Mungu hamtupi mtu anayefunga." Niliitikia. Sikuwa na nguvu ya kusema lolote, na nadhani pia nilikuwa naogopa.

Septemba pepo zilipoanza, vumbi likawa linaingia hadi kwenye chumvi, njia ikafunga tena. Safari hii hata mate hayakupita. Alitembea na kikopo cha kutemea, amekifunika kwa kitambaa safi ili wajukuu wa jirani wasikione. Wakamtoboa tumboni wakamwekea mpira wa kupitishia chakula. Mwenye mgonjwa wa namna hiyo, nikuambie jambo ambalo mimi hakuna aliyeniambia: utaogopa kuugusa huo mpira siku mbili, siku ya tatu utakuwa unaushika kama unavyoshika mpini wa mwiko. Uji uwe mwepesi, uwe vuguvugu, na uupeleke taratibu. Ukimaliza pitisha maji safi.

Lakini kwangu kulikuwa na fundi. Alipinda waya wa hanga akautundika juu ya kitanda, akaning'iniza faneli, ili mikono yangu isichoke. Kila mara nikitaka kumimina, ananyoosha kidole.

"Umechuja mara ngapi?"

"Mara moja."

"Chuja tena. Uchafu kidogo tu gari linazima njiani."

"Mimi nimepika miaka mingi kuliko ulivyofungua injini!"

"Ndiyo maana nakuomba kwa heshima."

Nachuja tena, kwa kitambaa, nikibwata. Na kabla sijamimina anafumba macho na kushukuru kwa chakula. Kila faneli, sala. Siku moja nilikasirika kabisa, nikamwambia, "Unashukuru nini wewe? Huonji hata chumvi!" Akasema anashukuru kwamba aliyepika ni mimi. Niligeuka nikajifanya natafuta kijiko. Nilimwonea hasira kwa wema wake, hilo naliandika hapa kwa sababu najua kuna mwenzangu mahali anaona hasira kama hiyo na anadhani yeye ni shetani.

Oktoba, mchana mmoja, upepo unapiga mabati, tulikuwa wawili. Nilikuwa nimekaa chini na sufuria ya uji kati ya magoti, nachuja. Sijui kwa nini ilikuwa siku ile. Nilisema bila kuinua uso.

"Baba Neema, nikuulize kitu. Ile Kwaresima, ulikuwa unafunga?"

Nilidhani amelala. Kisha akasema kwa ile sauti yake iliyokwaruzika, akipumzika kila baada ya maneno machache.

"Siku za kwanza nilifunga. Kisha nikajaribu kula jioni, nyama ikakwama. Nilijua si kitu kidogo. Nilidhani ni petroli, miaka yote ile ya kunyonya petroli kwa mpira, labda imechubua. Nikasema maziwa na mlenda vitalainisha. Nilikuwa nikuambie."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ukarudi kutoka kwa akina mama. Umefurahi. Hujawahi kurudi umefurahi hivyo." Akatema kwenye kikopo, akajifuta. "Nikasema acha ipite Pasaka. Kisha wakanisimamisha mbele ya kanisa. Mama Neema, nilipokea sifa isiyo yangu. Niliwadanganya watu wa Mungu kwa kunyamaza, na wewe nikakudanganya. Nisamehe."

Nikasema, "Nimekusamehe."

Na nikaendelea kuchuja uji. Mnaelewa? Yeye aliomba msamaha kwa kosa langu, kama alivyofanya kwa vijana wa karakana, na mimi nikampa. Nilikuwa na nafasi ya kusema, hapana, ni mimi, nilijisifia kwa mwili wako, na wiki zile ndizo zilizotuponyoka. Maneno yalikuwa pale pale kinywani. Nikayaacha yapoe. Nilijiambia nitamwambia jioni, atakapokuwa amepumzika, na jioni nikasema kesho.

Alifariki wiki ya tatu ya Novemba, asubuhi, kabla ya mvua, nami nilikuwa nje naosha faneli. Neema ndiye aliyekuwa amemshika mkono. Yale maneno sikumwambia Baba Neema kamwe.

Mazishi yalikuwa makubwa. Madereva walikuja na malori, Mzee Salumu alikuja na wenzake wamevaa kanzu, yule daktari kijana alikuja na pikapu yake isiyotoa moshi. Mchungaji alihubiri vizuri. Alisema, "Sote tulimwona Kwaresima ile alivyojinyima chakula kwa ajili ya Bwana." Watu wakasema amina. Debora alikuwa amekaa karibu yangu kwenye mkeka, akanishika bega, akalia kwa ajili yetu sote wawili. Mimi nilitazama udongo. Sikulia, na watu wakasema Mama Neema ana imani kubwa.

Baada ya hapo siku zilikuwa za kupika kwa ajili ya mtu mmoja. Sijui kupika kwa mtu mmoja. Nilipika sufuria ndogo, ikabaki, nikampa kuku. Mvua zilikuja, majani yakaota hadi ndani ya banda kati ya vyuma vyake, sikuyang'oa. Watu wakija kunifariji niliwapa chai na kuwasikiliza, nao walirudi makwao wameridhika.

Kisha Kwaresima ikafika tena. Na pale kwenye kikao chetu cha Alhamisi mwenyekiti akasema, kwa nia njema kabisa, "Mwaka huu akina mama tuwahimize waume zetu wafunge kama marehemu Fundi Elia." Alisema hivyo Alhamisi ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Nilikaa kwenye benchi langu nimeinamisha kichwa. Jina lake lilikuwa limegeuzwa wimbo, na ule wimbo ulikuwa ni uongo wangu mimi. Nilijua nikinyamaza hata huu utapita, maana kunyamaza nilikuwa nimekwishakuzoea.

Alhamisi iliyofuata baada ya Pasaka, mwenyekiti alitoa shukrani kwa wote waliofunga hadi mwisho, akamtaja tena. Nilijikuta nimesimama. Miguu ndiyo ilisimama, mimi nilikuwa bado nimekaa.

Nilisema, "Mume wangu hakuwa anafunga. Alikuwa hawezi kumeza. Alikuwa na kansa kooni na mimi nikawaambia anafunga, kwa sababu nilitaka mnisifie. Naye aliposikia nimesema hivyo akaogopa kuniaibisha, akanyamaza hadi Pasaka. Daktari alisema tungekwenda alipoanza kukwama na nyama. Hakuna mtu mwenye kosa hapa isipokuwa mimi, na sikumwomba msamaha. Basi naomba msimtaje tena kwa hilo. Mtajeni kwa mengine, anayo mengi."

Hakuna aliyepiga vigelegele. Mwenyekiti alikohoa, akasema Mama Neema bado ana majonzi, tumwombee, akaanzisha wimbo. Wakaimba. Nilikaa, na hapo, katikati ya wimbo ule wa furaha, machozi yakaanza kutoka. Yalitoka kama maji ya bomba lililokatwa muda mrefu, kwanza hewa na kutu, halafu yenyewe. Nikayaacha.

Mtu akaja akachuchumaa mbele yangu. Alikuwa Mama Loti, msichana mdogo tu, mke wa dereva wa lori, ambaye siku zote hukaa karibu na mlango na mtoto mgongoni. Nilidhani amekuja kunifuta uso.

"Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Aliinamisha uso hadi karibu na sikio langu ili wengine wasisikie. "Pasaka imeshapita, mama. Baba Loti bado ananiambia amefunga."

Nilimwuliza yuko wapi. Akasema yuko nyumbani, amemkataza asimwambie mtu yeyote. Nilichukua mkoba wangu, nikamshika mkono, tukatoka wakiwa bado kwenye ubeti wa pili.